Sahihi ya nani? Kisa cha mchoraji na mchongaji mmoja wa Kimakonde

Kuhusu kisa hiki

Mhusika mkuu nitamwita Mzee, kama nilivyomwita siku zote. Bintiye mkubwa ni Binti, na mtoto wa dada yake ni Mpwa. Nimeondoa majina, mtaa, maduka na miaka ya karibuni, na idadi chache nimezibadilisha kidogo ili familia isitambulike. Wamekisoma na kuridhia. Mimi niliingia nikiwa mwalimu wa sanaa aliyeombwa kuandaa orodha ya kazi za Mzee. Sikuwa mtazamaji tu: makosa mawili kati ya yanayosimuliwa hapa ni yangu. Nakiandika kwa ajili ya wachoraji, wachongaji, watoto wao, na yeyote anayesaidia karakana ya familia.

Alikotoka

Mzee alizaliwa kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanzania. Baba yake alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge, kama walivyofanya Wamakonde wengi enzi za Wareno. Baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960, na vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964, waliovuka wakaongezeka. Wengi walikuja na tezo zao, vile vishoka vya kuchongea. Ndio waliojaza Dar es Salaam vinyago tunavyovijua leo: shetani, aina iliyochipuka miaka ya 1950 na inayohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, na ile minara ya watu waliobebana, babu juu ya mjukuu juu ya shangazi, tunayoiita ujamaa.

Mambo mawili ya malezi yake yana uzito katika kisa hiki. La kwanza ni ujomba. Kwa jadi Wamakonde huhesabu ukoo upande wa mama. Mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, na mpwa ndiye anayetazamiwa kushika nafasi yake. Mzee mwenyewe hakufundishwa kuchonga na baba. Alifundishwa na mjomba. La pili ni kwamba huko nyuma hakuna aliyeweka sahihi. Lipiko, kile kinyago cha kichwani kinachovaliwa ngomani, hakiandikwi jina la aliyekichonga. Wanaojua wanajua mkono wa nani.

Kutoka mpingo hadi hadibodi

Alifika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchonga chini ya mwembe kando ya barabara, pamoja na wenzake saba. Mfanyabiashara alipita Jumamosi na kununua vipande kwa mkupuo. Miaka kumi ya kazi hiyo imepotea kabisa: hakuna picha, stakabadhi, wala kipande hata kimoja nyumbani.

Uchoraji ulimjia kwa njia ya bei. Mpingo ni mti unaokua taratibu sana, miongo kwa miongo kabla kiini chake cheusi hakijafikia unene wa kuchonga kitu cha maana, na gogo zuri lilikuwa likizidi kuwa ghali na kutoka mbali. Wakati huohuo mjini kulikuwa na mfano ulio wazi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuwa ameanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, ule ubao mwembamba wa kiwandani, karibu mwaka 1968, na ingawa alifariki 1972, ndugu na wanafunzi wake waliendelea kuuza kwa mtindo wake. Mzee alipiga hesabu. Hadibodi moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2. Gogo moja linatoa kinyago kimoja, na huenda likapasuka katikati.

Lakini hakuchora twiga na tembo. Alichora mashetani yaleyale aliyokuwa akiyachonga: wenye masikio makubwa, wanaovutana ndevu, wanaogombea kibuyu. Si yeye pekee. George Lilanga, aliyefariki 2005, naye alitoka kwenye uchongaji, akapitia Nyumba ya Sanaa jijini, na mashetani yake ya rangi yakaingia makumbusho ya Ulaya. Mzee alimheshimu sana Lilanga, na hakupenda kuambiwa anamwiga. "Mashetani si ya mtu mmoja," alikuwa akisema. "Kila mmoja ameyaona ya kwao."

Kwenye picha, tofauti na vinyago, aliweka sahihi. Wateja walitaka. Alisaini kwa herufi kubwa, chini kulia, kwa rangi nyeupe.

Oda kubwa

Katika miaka ya 1990 mnunuzi mmoja kutoka Ulaya aliona picha zake dukani, akamtafuta, akaagiza picha 120 ndani ya miezi minne, na kulipa theluthi mbele. Mzee alikuwa na watoto wawili sekondari na nyumba isiyo na bati upande mmoja. Kwa mkono wake mwenyewe alimaliza picha tano au sita kwa mwezi.

Aliamua kumwita Mpwa na vijana wengine wawili wa ukoo. Yeye alichora mistari yote ya nje kwa penseli na kuchagua rangi, vijana walijaza, yeye alirudia macho, meno na vidole, kisha akasaini. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye kama aliona tatizo, alishangaa. Chini ya mwembe ndivyo walivyofanya siku zote. Fundi anapasua gogo na kutoa umbo kwa tezo, kijana anapiga msasa siku tatu, na kinyago kinaitwa cha fundi. Kwa mantiki hiyo hakumdanganya mtu.

Mnunuzi hakuuliza nani alijaza rangi, na Mzee hakuulizwa akakataa kusema. Kila upande ulikuwa na jibu lake kichwani na ukadhani mwenzake analo hilohilo.

Macho

Miaka kadhaa baada ya oda ile, Mzee alianza kugonga vikombe vilivyo pembeni mwa meza. Familia ilidhani ni uzee. Alipofika hospitali, presha ya macho ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, na kilichopotea kwa ugonjwa huo hakirudi. Alipewa matone ya kulinda kilichobaki.

Hapo karakana ilibadilika kimyakimya. Mpwa alianza kuchora hata mistari ya nje. Mzee alielezea kwa maneno: huyu amgeukie yule, mkono upite nyuma ya shingo. Baadaye hata maelezo yakapungua. Kilichobaki ni sahihi. Binti alinisimulia jinsi ilivyokuwa: picha inawekwa mezani, Mpwa anamshika mjomba wake kiganja, anakipeleka pembeni chini kulia, Mzee anasaini akiwa amekaza macho ukutani.

Na Mzee akarudi kwenye mpingo. Kinyago hakihitaji macho kama picha inavyohitaji. Nilikaa naye alasiri nyingi kwenye kibaraza. Alishika kipande mapajani, tezo ikishuka kwa pigo fupi, kisha kidole gumba cha mkono wa kushoto kinapita pale palipochongwa, kinarudi, kinapita tena. Aliacha kupiga msasa kabisa. Vinyago vya miaka hiyo vina alama za tezo mwili mzima kama magamba ya samaki, na nyuso hazina macho; pana mashimo mawili yenye upana wa ncha ya kidole gumba, kwa sababu ndivyo alivyoyapima. Kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya maisha yake. Hakuna duka lililovitaka. Wenye maduka walisema havijaisha.

Picha zilizorudi

Kisha mteja mmoja wa nje alirudisha picha mbili kati ya nane. Barua yake ilikuwa ya adabu: alikuwa ameziweka karibu na picha za zamani na aliona si mkono uleule. Alitaka fedha zake. Ndani ya mwaka mmoja wanunuzi wawili wengine walisimamisha oda mpaka wapate uthibitisho.

Familia ilikuwa na njia tatu. Kukana, kama kaka yake Binti alivyotaka: sahihi ni ya Mzee, basi picha ni ya Mzee. Kunyamaza na kuuza kwa watalii kwa bei ya chini. Au kukaa na kutenganisha kazi moja moja. Binti alichagua ya tatu. Sababu yake haikuwa ya kibiashara. Aliniambia, "Mwalimu, baba bado yuko hai na anaweza kusema mwenyewe. Akishaondoka, kila mtu atasema anachotaka."

Asubuhi za daftari

Tulikaa asubuhi kumi na moja. Shikamoo, chai, kisha kazi. Mzee aliona kidogo sana, kwa hiyo tulimwekea picha mapajani, akaigeuza.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulisoma popote. Hadibodi ina upande laini na upande wa nyuma wenye vinundu kama kitambaa cha gunia. Mzee tangu mwanzo alipiga rangi nyuma pia, mara mbili, ili unyevu wa Dar usiipinde. Vijana hawakufanya hivyo. Rangi ni gharama. Alipitisha kiganja nyuma na kusema "yangu" au kunyamaza. Alipata dalili ya pili kwa kucha: yeye aliacha rangi ya usuli ikauke siku mbili kabla ya kuchora juu yake, ila kwenye oda za haraka Mpwa alichora juu ya rangi mbichi, na rangi ya mafuta ikifanyiwa hivyo hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Kucha ilikwama kwenye mikunjo.

Dalili hizo zilitosha kwa nyingi, si zote. Tuliandika makundi matatu: mkono wake, karakana, na kazi ya Mpwa. Kundi la karakana lilikuwa kubwa kuliko tulivyotarajia. Kila kazi ilipata namba, vipimo, picha ya mbele na nyuma, na maneno ya Mzee kama alivyoyatamka.

Siku sita za mwanzo Mpwa hakuwepo. Sikumwalika. Niliogopa atamshawishi Mzee, na hilo ni kosa langu la kwanza. Alipopata habari alikuja na kusimama mlangoni bila kuketi. Alisema kwa sauti ya chini, na maneno yake niliyaandika usiku uleule: "Mjomba, mimi nimechora miaka kumi na minne. Jina lako limeuza, sawa. Lakini mgongo uliouma ni wangu. Leo mnaandika kwamba mimi ni mwizi?"

Mzee alimwambia aketi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia achukue brashi asaini jina lake mwenyewe, nyuma ya kila picha aliyoichora peke yake, naye atakuwa shahidi. Mpwa alisaini tatu siku hiyo, nyingine wiki iliyofuata.

Kosa langu la pili: vinyago tuliviacha mwisho. Wateja waliolalamika walilalamikia picha, nami nikafuata malalamiko badala ya kufuata kazi. Tulipovifikia, Mzee alikuwa amelazwa, na vinyago zaidi ya ishirini vya miaka ya upofu vilikwisha kutolewa kama zawadi, au kuachwa kwa wenye maduka kwa mali kauli, yaani walipe wakishauza, bila kipande cha karatasi.

Baada ya msiba

Mzee alifariki miezi michache baadaye. Baada ya kuanua matanga kikao cha ukoo kilikaa, muhtasari ukaandikwa, na kaka yake Binti akapelekwa Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Orodha ya mali ilitaja nyumba, kiwanja, cherehani, na "vinyago na picha mbalimbali." Hakimiliki haikutajwa, na hakuna aliyeuliza.

Wajomba wa upande wa mama walitarajia Mpwa apewe karakana na zana, kwa jadi. Watoto walitarajia kila kitu kiwe chao. Mgogoro huu ungetokea hata kama Mzee angekuwa fundi cherehani, ila kwa msanii una kitu cha ziada: jina, ambalo haliwezi kukatwa vipande. Walikubaliana Mpwa achukue tezo, patasi na meza ya kuchorea, na watoto wabaki na kazi zote za makundi mawili ya kwanza. Kundi la tatu walimwachia baada ya mabishano ya jioni mbili.

Mwaka mmoja baadaye kampuni moja ilitoa kalenda yenye picha nne zenye sahihi ya Mzee. Ilikuwa imezinunua dukani na iliamini kwamba kununua picha ni kununua haki ya kuichapisha. Sivyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, haki hiyo hubaki kwa msanii mpaka aihamishe mwenyewe kwa maandishi, na huendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kampuni haikubisha, iliomba tu karatasi inayoonyesha nani alipwe. Familia haikuwa nayo. Kurudi mahakamani kuongeza hakimiliki kwenye orodha ya mirathi, pamoja na kufuatilia barua, kulichukua miezi kumi na minne.

Malipo yalipokuja tulifungua daftari. Picha tatu zilikuwa za Mzee. Ya nne ilikuwa ya Mpwa, yenye sahihi yake nyuma na ushahidi wa mjomba wake. Alilipwa robo yake, kwa jina lake.

Hali ilivyo sasa

Wanunuzi wawili wamerudi na wananunua kazi za kundi la kwanza tu, kwa bei ya juu kuliko zamani. Kazi za karakana zinauzwa zikiwa na maelezo hayo, kwa bei ya chini. Mpwa anachora na kuuza kwa jina lake, na miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya njaa kwake. Vinyago vya upofuni vilivyobaki nyumbani ni 19. Mwenye duka mmoja aliyeachiwa vinane anasema alikwisha kulipa. Hakuna wa kumbishia. Kaka yake Binti na Mpwa hawasalimiani.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni wakati. Daftari lilitengenezwa Mzee akiwa hai, naye akatamka mwenyewe. Ushahidi wa mgongo wa hadibodi ungekuwepo hata baada ya kifo, lakini ni nani angejua maana yake? Mtaalamu wa Ulaya angeangalia mbele ya picha. Kiganja cha Mzee kiliangalia nyuma.

Watu wengi niliowasimulia kisa hiki huuliza kwanza kama Mzee alidanganya. Naona swali hilo halitusaidii tusipotenganisha vipindi viwili. Kipindi cha oda kubwa alifanya kazi kama mafundi wote wa ukoo wake, na kama karakana nyingi duniani: bwana anabuni, wanafunzi wanajaza, bwana anamaliza. Kilichokosekana ni sentensi moja ya kumwambia mnunuzi. Kipindi cha upofu ni jambo lingine. Kusaini picha ambayo hakuibuni wala kuigusa kulimkosea mnunuzi, na kulimkosea Mpwa zaidi. Nampenda Mzee na bado nasema hivyo. Naye alijua, ndiyo maana alimpa brashi bila kubishana.

Kuna njia nyingine ambayo ingewezekana, nayo tunaiona Oysterbay, hapo Dar es Salaam. Jina la Tingatinga lilikuja kuwa jina la mtindo, wachoraji wakaunda ushirika wao mwaka 1990, na kila mmoja husaini jina lake mwenyewe chini ya mwavuli huo. Mnunuzi anajua hapati mkono wa marehemu Edward. Laiti Mzee na vijana wake wangefikiria hivyo wakati wa oda ile ya 120, karakana ingekuwa na jina lake, Mpwa angeanza kujulikana miaka kumi na minne mapema, na upofu wa mtu mmoja usingeigeuza familia nzima kuwa washukiwa.

Juu ya Mpwa, tulikosea mwanzo na kupona katikati. Kumwacha nje siku sita kulifanya orodha ionekane hati ya mashtaka. Nilipaswa kujua: kwa Wamakonde huwezi kuzungumzia urithi wa fundi bila mpwa kuwepo, na kwa sheria ya hakimiliki mwenye kazi ni aliyeiumba. Jadi na sheria zilisema kitu kimoja, nami nilikuwa nimefuata hofu yangu. Ile robo ya kalenda ndiyo iliyomrudisha mezani, si maelezo yangu.

Mali kauli ndipo tuliposhindwa kabisa. Kumwachia mwenye duka kazi ili alipe akiuza ni desturi ya miaka mingi, na wasanii wengi wasingeishi bila hiyo. Karatasi yake ni ndogo: tarehe, picha ya kazi, bei, sahihi mbili, na siku ya kurudisha kisichouzwa. Tangu wakati ule kila ninayemsaidia naanza naye hapo, kabla ya picha hata moja kupigwa.

Kuhusu mirathi, sijui familia ya msanii hata moja iliyokumbuka kuandika hakimiliki kwenye orodha ya mali bila kukumbushwa. Makarani hawaulizi. Maneno yaliyoongezwa baadaye kwenye orodha ya Mzee yalikuwa mstari mmoja tu, na gharama ya kutokuwepo kwake ilikuwa miezi kumi na minne na nauli zisizohesabika.

Kimebaki kipande kimoja ambacho hatujui tukiweke wapi. Ni gogo la mpingo la kimo cha mtoto wa miaka miwili, alilokuwa akilichonga wiki aliyolazwa. Watu watatu wa juu wamekamilika. Chini ni mti mtupu, na upande mmoja tabaka jeupe la nje bado lipo. Mpwa aliomba alimalize. Alisema anajua Mzee alikuwa akielekea wapi, kwa sababu alimwelezea, na namwamini. Binti alikataa. Nilipoulizwa, nilisema nahitaji kufikiri, na mpaka leo sijawapa jibu. Limefungwa kwa kanga chumbani kwa Binti. Kwenye daftari ni namba 212, na safu ya kundi iko wazi.